Chini ya Miti ya Usambara

Malenga wa mwambao wana maua yao. Asumini, waridi, mkadi, mrehani na kilua yamerudiwa katika tungo zao kizazi baada ya kizazi, hata msomaji anayekutana nayo katika ubeti hahitaji kuelezwa kitu: ameshayaona katika shada, ameshayanusa katika kikuba, na yumkini ameshayakuta yametandazwa juu ya kitanda cha bi harusi. Aghalabu haya ni maua ya uani. Hupandwa karibu na kisima, hutiwa maji, huchumwa alasiri. Lakini kilua lina asili nyengine. Mkilua ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, unaoota chini ya miti mikubwa, na kabla mtu hajauchimbua na kuuleta uani ulikuwa ukinukia kivulini, mahali ambapo jua la adhuhuri hufika kwa vidoa vidoa. Mshairi anayelisifu kilua analisifu, bila ya kukusudia, ua la uoto wa chini ya msitu.

Uoto huo hausemwi sana. Mtu aingiaye msituni kwa mara ya kwanza hutazama juu, kwenye vigogo vilivyonyooka na matawi yaliyofumbana, na akitoka huhadithia miti. Vilivyomgusa magotini na kifuani, yaani vichaka, kangaga, mitambaa, majani mapana na miche isiyo na jina kwake, huviita magugu. Hata hivyo sehemu kubwa ya maisha ya msitu hupitia hapo. Katika msitu mzito wa nchi za joto ni takriban sehemu moja au mbili tu katika kila mia ya mwanga wa jua zinazofika ardhini. Mmea unaoweza kuishi kwa riziki hiyo ni mmea wa subira: majani yake ni mapana na membamba, hukua polepole, na hutegemea ule mwale wa dakika chache unaopenya pale upepo unapotikisa matawi ya juu. Miti mikubwa yenyewe huanzia hapo. Mche wa mti wa miaka mia mbili huweza kukaa miaka mingi chini ya wakubwa wake ukiwa hauzidi kimo cha mtoto, ukingoja mmoja wao aanguke na kuufungulia mlango wa jua.

Kuna na jambo la mvua, ambalo wengi hulifahamu kinyume. Hudhaniwa kuwa miti mirefu peke yake huikinga ardhi. Kumbe matone yakusanyikayo juu ya majani ya mti mrefu huungana, yakawa makubwa, na yakianguka kutoka juu sana huipiga ardhi kwa nguvu kuliko mvua ya uwanda ulio wazi. Kinachoyavunja nguvu ni vichaka vya chini na zulia la majani makavu lililo chini ya vichaka hivyo. Humo maji hupoa, hunywewa taratibu, na hutokea bondeni siku nyingi baada ya mvua kupita. Humo pia mna kuvu wanaoyaozesha majani na kuyarudisha kuwa chakula cha mizizi. Ukiviondoa vichaka na zulia lile, ukaiacha miti imesimama, kwa mbali utauona msitu, nao hautakuwa msitu tena.

Hapana mahali ambapo kosa hilo limeandikwa wazi zaidi kuliko Usambara, milima ile ambayo mabaharia waendao Tanga kutoka Pemba huiona siku ya anga safi ikisimama nyuma ya mji kama ukuta wa samawati. Usambara ya Mashariki, iliyo karibu na bahari, ina vilele visivyozidi sana mita 1,500, lakini pepo za Bahari ya Hindi huipiga moja kwa moja na kuiachia mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu za Amani. Unyevu huo umedumu kwa muda mrefu mno, na milima imetengana na misitu mingine kwa nyika kavu kama kisiwa kinavyotengana na bara kwa maji. Ndiyo sababu ina mimea na wanyama wasioonekana kwengineko, na wengi wao ni wa kivulini: vinyonga vidogo, vyura, konokono, ndege wasiopenda kuruka juu, na maua.

Wenyeji waliijua milima yao kwa njia yao. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa kwa sehemu baina ya 1895 na 1907 na ambacho kila mpenzi wa nathari ya Kiswahili anapaswa kukisoma, alisimulia jinsi Mbegha alivyotoka Nguu akiwa mwindaji wa nguruwe na kufika Usambara akawa mfalme. Msomaji wa leo huchukuliwa na siasa za ukoo ule akausahau uwanda wa kisa chenyewe. Nguruwe mwitu ni mnyama wa vichakani. Hufukua mizizi, hulala kwenye majani mazito, na akitoka hutoka usiku kuyafisidi mashamba. Mtu aliyeweza kumfuata humo na kugawa nyama yake aliujua msitu kwa chini, si kwa juu. Baadaye Wasambaa waliupima utawala wa warithi wake kwa maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Alama ya kwanza ya nchi iliyoponywa ilikuwa ni mvua.

Hatimaye wakaja watu waliokusanya mimea kwa karatasi. Wa kwanza wanaohusika na habari hii ni Sir John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, ambaye historia ya visiwa inamkumbuka kwa mkataba wa 1873 alioutia sahihi Sayyid Barghash kufunga soko la watumwa. Kabla ya kuwa balozi Kirk alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea, na nyumba yake ya Mbweni ilikuwa na bustani aliyoipenda. Mnamo 1884 alipeleka bustani ya Kew, London, mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya urujuani. Mwaka 1887 ukapelekwa huko mwengine wa jinsi hiyohiyo. Aliyeupeleka ni kasisi W. E. Taylor wa Mombasa.

Jina hilo si geni kwa wapenzi wa ushairi. Ni Taylor huyuhuyu aliyekaa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi akiandika tungo za Muyaka bin Haji wakati waliozihifadhi vifuani walikuwa wakitoweka mmoja mmoja, na ni yeye aliyetoa mkusanyo wa methali za Kiswahili mwaka 1891. Lau si Sikujua na Taylor, sehemu kubwa ya Muyaka ingekwenda na wazee wa Mombasa kaburini. Basi mtu huyu aliyeyaokota maneno ya Mombasa aliokota pia ua la kivulini, akalikausha, akalipeleka Ulaya. Na huko likawekwa. Sampuli zile hazikutosheleza wataalamu kulipa mmea jina, kwa hiyo zikalala katika makabati ya Kew kama zilivyolala karatasi za Muyaka, ambazo diwani yake haikutoka ila mwaka 1940 kwa mkono wa William Hichens.

Wa tatu ndiye aliyebahatika. Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga. Naye, kwa sadfa inayostahili kutajwa, alikuwa mwanafunzi wa lugha: mwaka 1890 alitoa kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Miaka michache tu baadaye aliliona ua lile katika sehemu mbili, moja kwenye miamba yenye kivuli isiyofika mwendo wa saa moja kutoka mjini Tanga, nyengine juu katika msitu wa Usambara. Alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, na mwaka 1893 Wendland akalitangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima ya baba na mwana. La pili maana yake ni lenye ua mfano wa urujuani. Mwaka huohuo likaonyeshwa Ghent, Ubelgiji, na watu wakajazana kulitazama. Kirk na Taylor hawakutajwa katika jina hilo, wala waliowaongoza mabwana hawa hadi kwenye miamba. Hilo la pili halikuwa jambo la kushangaza kwa zama zile.

Ua lenyewe ni dogo. Mmea hulala ukiwa umekumbatia jabali lenye kigoga, majani yake yamepangika kama sahani, na katikati hutoka vishina vifupi vyenye maua ya samawati iliyoiva na vifuko viwili vya chavua vya manjano. Halitoi asali. Nyuki anayelijia hulishika na kulitikisa kwa mtetemo wa misuli ya mbawa zake mpaka chavua imwagike, naye huondoka na riziki hiyo. Bila ya nyuki huyo, na bila ya ukungu wa asubuhi na kivuli cha miti, ua halizai.

Na kivuli hicho ndicho kilicholitajirisha ughaibuni. Mimea mingi ya nchi za joto ilipopelekwa Ulaya ilikufa kwa kukosa jua. Huu ulikuwa umezoea kunyimwa. Mwanga hafifu wa dirisha la nyumba ya Berlin au London wakati wa baridi haukuwa mbali sana na ule wa mwambani Usambara, na joto la ndani lililobaki lilelile mchana na usiku likaufaa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wauza maua wa Los Angeles waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua miche kumi iliyowapendeza, na kutoka kwa hiyo kumi zikazaliwa aina zisizohesabika: nyeupe, za waridi, za madoa, za kukunjamana. Mwaka 1946 wapenzi wake wa Marekani wakaunda chama chao. Wajerumani huliita hadi leo Usambaraveilchen, urujuani wa Usambara, na mamilioni ya watu wametamka jina la milima hiyo bila ya kujua kama iko Afrika au ni jina la muuza maua.

Wakati dirisha linajaa, mwamba ulikuwa ukipoteza kivuli chake. Mwaka uleule wa 1891 ambao Taylor alitoa methali zake, kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilianzisha shamba la kahawa Derema. Waliokuja walitazama miti ya mita arubaini na wakahukumu kuwa ardhi inayootesha vitu kama hivyo ni lazima iwe na rutuba isiyokwisha. Wakaufyeka msitu, na kahawa ikastawi muda mfupi kisha ikadhoofu. Rutuba haikuwa ndani ya ardhi. Ilikuwa juu yake, katika majani yanayooza na miili ya vichaka, ikizunguka kutoka jani hadi mzizi bila ya kupumzika. Na waliokwishakuichoma walikuwa wamechoma akiba yote kwa siku moja. Kinaya ni kwamba mkahawa wenyewe, ule wa arabika, ni mti wa kivulini: asili yake ni vichaka vya chini ya misitu ya kusini-magharibi ya Ethiopia.

Mwaka 1902 Wajerumani wakajenga Amani taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe, Franz Stuhlmann akiwa mkuu wake wa kwanza, na wakapanda humo mimea ya mabara yote. Kazi yao ya sayansi ilikuwa kubwa na hapana haja ya kuipunguza. Lakini baadhi ya wageni wale hawakubaki kitaluni. Clidemia hirta, kichaka cha Marekani ya joto chenye matunda madogo yapendwayo na ndege, kiliingia msituni na kuenea palepale palipokuwa pa miche ya kienyeji. Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi, uliletwa kutoka magharibi ya Afrika ya Mashariki kwa ajili ya mbao. Hondohondo wakala matunda yake na kuzitapanya mbegu kila palipofunguka jua. Na katika miaka ya 1970 na 1980 palifunguka pengi, kwani kiwanda cha mbao cha Tanga, kwa msaada wa Finland, kilikuwa kikivuna kwa mitambo. Katikati ya miaka ya 1980 malalamiko yalizidi, uvunaji ukasimamishwa, na Finland ileile ikarudi kusaidia kuulinda msitu. Pengine ni nadra kwa fedha za nchi moja kugeuka kwa ukamilifu namna hiyo.

Hata hivyo shoka la mitambo lilionekana na kusikika. Kisu cha iliki hakikusikika.

Iliki, kama kahawa, ni ya kivulini: kwao ni chini ya misitu ya milima ya kusini-magharibi ya India. Wajerumani waliileta Usambara, na kuanzia miaka ya 1960 na 1970, bei iliponawiri, wakulima wa Usambara ya Mashariki waliipanda kwa wingi. Namna ya kuipanda ilikuwa rahisi. Mkulima aliingia msituni, akafyeka kila kilicho chini, vichaka, miche, kangaga na mitambaa, akapunguza miti kiasi, akaiacha mikubwa ikae kivuli. Aliyepita na ndege akatazama chini aliona kijani kimeshikana. Aliyepiga picha kutoka mlima wa pili aliona msitu. Ndani yake hapakuwa na mche hata mmoja wa kuurithi mti uliosimama. Miti ile ilikuwa kama ukoo uliobakia wazee watupu. Baada ya miaka kadhaa iliki ilichoka, mavuno yakapungua, na mkulima akakata wazee wenyewe apande migomba, mihogo na mahindi.

Si haki kumlaumu mkulima kwa urahisi. Iliki ni nyepesi, haiozi haraka, hubebwa begani kutoka milimani hadi sokoni, na thamani yake huwazidi mahindi mara nyingi. Kwa mtu asiye na barabara ni zao la rehema. Ililipa ada za shule na ilijenga nyumba za bati. Na walaji wake walikuwa ni watu wa mwambao wenyewe, waitiao iliki katika pilau, katika chai, katika kaimati, na katika kahawa ya barazani ambako mashairi hughaniwa. Vitu viwili vya kivulini hukutana katika kikombe kimoja kidogo, na anywaye hana habari.

Visiwa navyo vina historia yao ya jambo hili. Mikarafuu ya Unguja na Pemba ni msitu wa miti isiyo na chini yake. Karne ya 19 vichaka vilifyekwa kwa mikono ya watumwa, na mashamba yakawekwa safi kwa palizi isiyokoma, kwa sababu karafuu huchumwa kwa kupanda mtini na zinazoanguka huokotwa ardhini. Utumwa ulipofutwa kisheria 1897, swali lililowakosesha usingizi wenye mashamba halikuwa tu nani atachuma, maana msimu wa kuchuma ulikuwa na ujira wa kuvutia. Lilikuwa nani atapalilia. Wengi walipewa ruhusa ya kukaa na kulima muhogo baina ya mikarafuu ili wao waiweke ardhi safi, na ugomvi wa ruhusa hiyo ukaendelea hadi katika siasa za miaka ya 1950. Magugu ya chini ya mti yameingia katika historia ya Zanzibar kwa mlango wa mbele, ingawa vitabu vingi huyapita. Uoto wa asili wa Pemba umebakia zaidi Ngezi, ambako mpapindi, mnazi mwitu mwembamba usiopatikana popote duniani ila Pemba, ungali unaota kivulini.

Huko Usambara, ushahidi wa kilichopotea ulitolewa na ndege. Mwaka 1987 mtafiti wa Kimarekani William Newmark alianza kutega nyavu nyembamba katika vipande vya msitu, vikubwa na vidogo, kuwashika, kuwatia pete na kuwaachia ndege waishio vichakani. Matokeo aliyoyachapisha 1991, na yaliyofuatia kwa miaka mingi, yalisema jambo moja: kadiri kipande kilivyokuwa kidogo na cha mbali na vyengine, ndivyo ndege wa kivulini walivyozidi kukosekana humo. Ndege hawa wana mbawa, lakini wengi hawathubutu kuvuka uwazi. Wamezoea kiza cha majani, na shamba la upana wa kutupa jiwe kwao ni bahari isiyo na jahazi. Miongoni mwa ndege wa milima hiyo ni Artisornis moreaui, mdogo mwenye mdomo mrefu, mpenda mitambaa iliyosongana, aliyeelezwa kisayansi 1931 na kupewa jina la Reginald Moreau aliyekuwa akifanya kazi Amani. Duniani kote hajulikani ila huko na kaskazini ya Msumbiji.

Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, yenye hekta 8,380. Baina yake na misitu ya kaskazini palikuwa Derema, ileile ya kahawa ya Wajerumani, ambayo sasa chini ya miti yake ilikuwa imejaa iliki. Ili kuyaunganisha makao ya viumbe wa kivulini iliamuliwa kuwa Derema iwe hifadhi, na wakulima zaidi ya 1,000 wakatakiwa kuondoa mikono yao. Mashina ya iliki yakahesabiwa moja moja kwa ajili ya fidia. Hesabu hiyo ilichukua miaka, iliongeza mijadala kuhusu bei, na iliacha watu waliokuwa na zao la kila mwaka wakiwa na fedha za mara moja. Derema ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 2010. Maji ya mto Zigi, yatokayo katika milima hiyo na kunywewa na watu wa mji wa Tanga, hutegemea vichaka vilivyorudi hapo. Na waliolipia kurudi kwake ni wale wenye kisu cha iliki, si wenye mifereji mjini. Iliki bado inalimwa nje ya mipaka.

Ua la Saint Paul-Illaire nalo limepungukiwa. Wataalamu walikuwa wameligawa katika aina takriban ishirini, kisha mwaka 2006 wakazikusanya zikawa sita. Na mwaka 2015, baada ya kuchunguza nasaba zake, wakaamua kuwa Saintpaulia si jenasi ya kujitegemea bali ni tawi la Streptocarpus. Jina la baba na mwana likashushwa cheo. Mkilua, kinyume chake, ulikuwa umekaa muda mrefu bila ya jenasi yake. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt wa Kew aliona kuwa mti ule mdogo wa chini ya misitu ya pwani haufanani vya kutosha na jamaa zake, akaupa jenasi mpya, na badala ya kutafuta jina la balozi au mtawala akachukua lile ambalo wanawake wa mwambao walilitumia walipokuwa wakichuma maua ya kutia katika nywele zao. Katika vitabu vya mimea unaandikwa Mkilua fragrans.